Pointi 50 ninazo, lakini mkono unaandika diklofenaki ileile

SWALI: Assalam alaykum. Mimi ni daktari katika hospitali ya umma kaunti ya Lamu, mwaka wa tatu tangu nimalize intanishipu. Karibu nusu ya foleni yangu ni watu walioumwa muda mrefu: wavuvi na wachukuzi wenye viuno, akina mama wenye magoti, wenye kisukari ambao nyayo zinawaka usiku. Chuoni somo la maumivu lilipita mbio. Kila mwaka natimiza pointi zangu 50 za mafunzo endelevu, nyingi kwa semina za siku moja, lakini Jumatatu nikiketi kliniki mkono unaandika diklofenaki na vitamini B kama kawaida. Nijifunze vipi hata kitu kibadilike, na nianze na nini?

JIBU: Wa alaykum salaam, Daktari.

Umesema mkono, na hapo ndipo penye kazi. Diklofenaki huiandiki kwa kutojua madhara yake. Unaiandika kwa sababu ni saa tano asubuhi, foleni imefika nje, mgonjwa ameshika kiuno, dawa ipo kabatini, na huna kitu kingine ulichokizoea kiasi cha kukujia bila kufikiri. Semina haifiki huko. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti, ya mwaka 2021 kuhusu mikutano ya mafunzo kwa wahudumu wa afya yalikuta kwamba mikutano hiyo husogeza utendaji wao kwa asilimia 6 au 7 hivi. Si haba, ila usitarajie iuvunje mkono wenye mazoea.

Pointi endelea kuzikusanya, maana bila hizo Baraza la Madaktari halikupi leseni. Lakini mwaka huu zitafute ndani ya kliniki yako: somo moja kwa mwezi, kundi moja la wagonjwa, na badiliko moja tu katika unachoandika. Ukibadilisha mambo matano kwa mpigo, wiki ya tatu yote yatakuwa yamerudi yalikotoka.

Kabla ya somo lolote, hesabu. Wagonjwa wa nje kwenu hubeba madaftari yao wenyewe, kwa hiyo usingoje mafaili ya ofisini. Chagua siku mbili za kliniki, umweke muuguzi mmoja mlangoni, na madaftari ya wagonjwa 20 wa kwanza walioumwa zaidi ya miezi mitatu yapigwe picha kwa ruhusa yao, jina likiwa limefunikwa. Jioni yatazame kwa mambo manne tu. Je, imeandikwa ni maumivu ya aina gani? Kuna kipimo chochote cha anachoweza na asichoweza kufanya? Kabla ya diklofenaki, presha na kreatinini (kipimo cha figo) vilitazamwa? Na dawa hiyohiyo imerudiwa mara ngapi bila mtu kuuliza kama ilisaidia? Andika idadi nne kwenye karatasi moja, ubandike ndani ya kabati lako. Zitakuudhi, na zikukere hasa, kwa sababu ndizo zitakazofanya uje kikaoni mwezi ujao.

Miezi mitatu nimeitaja kwa makusudi. Ndiyo mpaka unaotumiwa na ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022 na iliyoyapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe badala ya kuyatawanya chini ya viungo vya mwili. Goti lililoumia juzi na goti lililouma miaka minne ni wagonjwa wawili. La juzi linatoa habari kuhusu goti. La miaka minne linatoa habari kuhusu goti pamoja na uti wa mgongo, ubongo, usingizi, ada ya shule na mume aliye baharini. Mfumo wa neva ukisikia king'ora muda mrefu hujifunza kukipiga wenyewe, na hapo hata kumpapasa mtu kidogo kunauma.

Ndiyo maana badiliko la kwanza si dawa. Ni neno moja linaloandikwa mbele ya uchunguzi: la tishu, la neva, au la mfumo. La tishu ni gegedu, kano, msuli, kiungo kilichovimba. La neva ni neva yenyewe iliyoumia: kisukari, mkanda wa jeshi, diski inayobana shina la neva, virusi vya UKIMWI, mguu uliokatwa. La mfumo ni pale king'ora kinapolia bila tishu wala neva iliyoharibika kiasi hicho: maumivu yaliyosambaa, uchovu, usingizi usiotosha, vipimo safi. Wengi wana mchanganyiko, na hapo unaandika mawili. Kwa nini neno hili lina uzito? Kwa sababu diklofenaki hufanya kazi kwenye la kwanza tu. Ukishaandika "la neva", mkono wenyewe unasita kuandika diklofenaki baada yake.

Kuna mtego wa lugha hapa ambao vitabu vya Kiingereza haviwezi kukuonyesha. Mgonjwa wako akisema "mshipa unanivuta", hajakuambia kitu bado. Mshipa kwetu ni wa damu, ni neva, ni kano, ni msuli uliokaza, na mara nyingine ni ngiri. Usimsahihishe na usitafsiri kwa kubahatisha. Mwambie aoneshe kwa kidole kimoja unapoanzia na unapoishia. Akipitisha kidole kutoka takoni, nyuma ya paja, hadi pembeni mwa mguu na kidole gumba, hiyo ni njia ya neva. Akifunika kiuno chote kwa kiganja, huenda ni msuli au viungo vya uti. Akishindwa kuamua na mkono ukazunguka mwili mzima, fikiria la mfumo. Kidole na kiganja vinakupa habari zaidi ya neno lenyewe.

Mwezi wa kwanza basi uwe wa nyayo zinazowaka, maana ni kundi ambalo badiliko dogo huonekana upesi. Jifunze dodoso la DN4. Lina vipengele 10, na nne zikiwa ndiyo, hesabu maumivu kuwa ya neva. Saba ni maswali: yanachoma kama moto? Kuna ubaridi unaouma? Yanapiga kama shoti ya umeme? Kuna mtambao kama wa sisimizi? Kama sindano zinazodunga? Ganzi? Kuwasha? Tatu unazipima mwenyewe: mguso mwepesi umepungua, mdungo umepungua, na kupiga brashi kunaamsha au kuzidisha maumivu. Kwa mguso tumia pamba. Kwa mdungo tumia kijiti cha meno unachokitupa baada ya kila mgonjwa, usitumie sindano ya kliniki. Anza kifuani au mkononi ili ajue mguso wa kawaida ukoje, kisha unyayo, kisha panda juu taratibu akiwa amefumba macho, akuambie pale panapobadilika. Kwa kisukari panda miguu yote miwili, utaona mpaka unafanana kama soksi. Ukiwa na monofilamenti ya gramu 10, ule uzi wa nailoni wa kupimia mguso, ibonyeze hadi ipinde, sekunde moja au mbili, bila kugusa sugu la ngozi. Zoezi zima ni dakika nne, na mwisho wake unatazama katikati ya vidole, maana mtu asiyesikia mguso hasikii msumari wala ganda la chaza.

Kisha uliza ametumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingapi. Metformini ya muda mrefu hupunguza vitamini B12, na upungufu huo huunguza nyayo vilevile. Huyo ndiye mgonjwa wa vitamini B. Aliye kwenye isoniazidi ya kifua kikuu bila piridoksini ni mwingine. Waliobaki unaowaandikia sindano za vitamini B kwa sababu ya "mishipa" unawauzia matumaini mekundu ndani ya bomba la sindano.

Dawa ya kuanzia ni amitriptilini, na inaharibiwa zaidi na namna inavyoanzishwa kuliko na udhaifu wake. Kosa la kawaida: miligramu 25 usiku wa kwanza, mgonjwa anaamka adhuhuri kinywa kikavu kama mchanga, anaiacha, na daftari linaandikwa "haikumsaidia". Anza na 10. Kama kuna vidonge vya 25 pekee, nusu kidonge. Anywe mara baada ya Isha, asingoje dakika ya kulala, ili uzito wake uwe umepungua alfajiri. Baada ya wiki moja panda hadi 25. Kisha ongeza kila wiki mbili kadiri anavyovumilia, hadi 50 au 75. Mpe wiki sita hadi nane kabla ya kusema imeshindwa, mbili kati yake zikiwa kwenye dozi ya juu anayoivumilia. Na mwambie mapema: "Dawa hii hutumiwa pia kwa huzuni, lakini kwa dozi hii nakupa kwa ajili ya neva." Asipoambiwa na wewe, ataambiwa dukani au na mjukuu, na hatairudia.

Isiwaendee wenye kizuizi cha umeme wa moyo, waliopata shambulio la moyo karibuni, wenye tezi dume inayozuia mkojo, wala wenye presha ya macho ya pembe nyembamba. Mzee mwenye moyo usioeleweka, piga ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kwanza. Na kuna hatari moja ya mji wenu: amitriptilini hushusha presha mtu akisimama ghafla, na mzee wa Mji wa Kale huamka gizani kwa Alfajiri na kushuka ngazi za mawe zilizosimama wima. Mwambie akae ukingoni mwa kitanda ahesabu hadi 60, na taa iwashwe. Nyonga iliyovunjika ni bei kubwa kwa unyayo uliotulia. Mwenye dalili za kutaka kujidhuru usimpe ya zaidi ya wiki mbili, kwani ikizidishwa inaua.

Ikishindikana, gabapentini miligramu 300 usiku, ongeza 300 kila siku tatu hadi 900, ikibidi 1800 kwa siku ikigawanywa mara tatu, na upunguze kama figo ni dhaifu. Pregabalini ni ndugu yake, ila ulizia kwanza kama tayari inazunguka mitaani kwenu kama kilevi. Karbamazepini iweke kwa ajili ya uso unaopigwa shoti, na kabla ya kuiandika uliza kuhusu dolutegraviri, dawa ya virusi vya UKIMWI: karbamazepini huishusha, na dolutegraviri inabidi inywewe mara mbili kwa siku. Kosa hili halina kelele. Mgonjwa anapona uso, virusi vinapanda.

Mwezi wa pili ni wa diklofenaki yenyewe. Sindano ya miligramu 75 ya makalio haina faida kuliko kidonge kwa aliyeumwa miezi, na kwa kawaida haitakiwi kuzidi siku mbili. Ikipigwa vibaya hugusa neva kuu ya mguu, au huua ngozi na msuli pale ilipoingia, kidonda cheusi ambacho wengi hudhani ni usaha. Watu wanaipenda kwa sababu inaonekana ni matibabu zaidi. Hilo utalibadilisha polepole, lakini vidonge unaweza kuvibadilisha kesho. Kanuni ya kubandika ukutani: hakuna diklofenaki wala ibuprofeni kwa mtu anayekunywa enalaprili au losartani za presha pamoja na dawa ya kukojoza. Tatu hizo zikikutana figo linafunga, hasa kwa joto la Januari na mtu asiyekunywa maji. Presha yake nayo itapanda, na mtu wa kliniki ya presha atamwongezea dawa bila kujua kisa.

Anayefaa kupewa, mpe ibuprofeni miligramu 400 mara tatu baada ya chakula, siku tano hadi saba, kisha aache na mtazame. Akiwa na zaidi ya miaka 65 au aliwahi kuwa na kidonda cha tumbo, ongeza omeprazoli 20 ya kulinda tumbo. Kwa goti la mama mzee kuna kitu bora kuliko vyote hivyo nacho kinadharauliwa: jeli ya diklofenaki, ipakwe mara tatu au nne kwa siku na kukandwa mpaka ikauke. Kidogo sana kinafika kwenye figo. Tena kukanda watu wetu wanakujua na wanakuamini. Parasetamoli gramu 1, isizidi 4 kwa siku, na kwa mwembamba wa chini ya kilo 50 piga hesabu ya miligramu 15 kwa kila kilo kwa dozi. Uliza pia kuhusu vidonge vya rangi visivyo na jina vinavyouzwa kwa baridi yabisi. Uso ukivimba na sukari ikipanda bila sababu, shuku steroidi ndani yake, na usizikatishe ghafla kama ametumia miezi.

Kiuno kitakuchukua miezi miwili, na sehemu kubwa itakwenda kwenye maneno yako mwenyewe. Tunawaambia watu "pingili zimesagika", "mafuta ya magoti yamekwisha", "uti umepinda". Mgonjwa anayachukua kama yalivyo. Mtu aliyeambiwa mifupa inasagana ataacha kuinama, ataacha kubeba, msuli utanyauka, na baada ya mwaka kiuno kitauma kweli kwa sababu ya udhaifu. Na picha yenyewe haithibitishi kitu: kwa watu wasioumwa kabisa, diski zilizochakaa huonekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni mvi za ndani. Mwambie hivyo hivyo, "ni mvi za mgongo, kila mtu huota", na utaona uso unavyolegea.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima. Linaunga mkono elimu kwa mgonjwa, mazoezi yaliyopangwa, kukandwa, tiba za kisaikolojia na dawa za jamii ya ibuprofeni. Halipendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa vizito, steroidi wala opioidi (dawa za jamii ya mofini). Hata amitriptilini halikuipendekeza kwa kiuno hicho, kwa hiyo ushindi wako wa mwezi wa kwanza usiumwage kwa kila mgongo unaoingia mlangoni. Iwe kwa mwenye DN4 ya nne na zaidi.

Kabla ya kumwita yeyote "kiuno cha kawaida", tafuta mambo machache yasiyosubiri. Ganzi pale anapokalia tandiko la punda, mkojo uliogoma, miguu yote miwili imelegea: leo hii apande boti ya Mokowe avuke bara kwa rufaa, usimwambie arudi Alhamisi. Homa za jioni, kukonda, pingili moja inayouma ikigongwa: kifua kikuu cha uti, au brusela kwa anayekunywa maziwa mabichi. Historia ya saratani. Kijana wa selimundu anayechechemea na maumivu ya kinena: kichwa cha paja kinakufa kwa kukosa damu, na picha ya kwanza ya eksirei inaweza kuwa safi.

Mazoezi nayo yana dozi, na "fanya mazoezi" si dozi. Mwulize mvuvi huvuta wavu au hutembea muda gani kabla maumivu hayajapanda. Akisema dakika 20, aanze na 15, kila siku, siku nzuri na siku mbaya sawasawa, aongeze kama sehemu moja ya kumi kila wiki. Wanachokosea wote ni kufanya ya saa tatu siku njema kisha kulala siku tatu. Mama wa magoti mwondoe kwenye mbuzi ya nazi iliyo chini, aiweke juu ya benchi; ainuke kitini mara nane bila kushika, mara mbili kwa siku, aende hadi 15.

Na upime. Maswali matatu ya PEG, kila moja 0 hadi 10 kwa wiki iliyopita: maumivu kwa wastani, yameharibu raha ya maisha kiasi gani, yamezuia shughuli kiasi gani. Jumlisha ugawe kwa tatu. Ikishuka kwa asilimia 30, hayo ni mafanikio, endelea. Ongeza lengo moja la mgonjwa mwenyewe kwa maneno yake. Rakaa ngapi anasimama bila kiti. Anashuka ngazi mara ngapi. Anafika sokoni bila kupumzika barazani kwa watu. Nambari bila lengo humfanya mtu aendelee kuyasikiliza maumivu.

Kuna kundi ambalo Lamu lina historia nalo kuliko pengine popote Kenya. Mlipuko wa chikungunya wa 2004 ulipopimwa kwa damu, watu 75 kati ya kila 100 kisiwani walionekana kuambukizwa. Jina ni la Kimakonde, kitu kinachokunja, na baadhi ya watu hubaki wamekunjwa miezi hadi miaka. Kwa hiyo vifundo vya mikono na miguu vikiuma pande zote mbili, uliza kuhusu homa iliyovitangulia. Vikibaki vimevimba zaidi ya miezi mitatu na asubuhi vimekakamaa kwa saa nzima, pima kigezo cha baridi yabisi na umpeleke kwa mtaalamu, kwani huenda anahitaji methotreksati. Usimfungie kwenye predinisoloni, ambayo ni steroidi, ya kudumu.

Opioidi ziwe mwezi wa tano, ukiwa umeshapata mikono mingine. Tramadoli kwa kiuno au goti la miaka haina faida ya kutosha. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2018 liliwafuata wagonjwa 240 wa kiuno, goti na nyonga kwa mwaka mzima, na waliopewa opioidi hawakutenda zaidi ya waliopewa dawa nyingine. Tramadoli haizidi miligramu 400 kwa siku, huleta degedege, na ikichanganywa na dawa za huzuni huleta mtetemeko, jasho na homa. Mtu aliyeizoea mwaka mzima usimkatie siku moja. Vidonge nane vya 50 kwa siku vipungue kimoja kila wiki mbili hadi nne, cha usiku kikiwa cha mwisho.

Woga huo usiufikishe kwenye saratani. Pale mofini ya maji ndiyo haki ya mgonjwa: miligramu 5 kila saa nne, 2.5 kwa mzee au mwenye figo dhaifu, ya kulala iwe maradufu ili asiamshwe, na dozi ya ziada iliyo sawa na ya saa nne wakati maumivu yanapovunja ukuta. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile, usingoje afunge. Choo kigumu huwafanya wengi waiache mofini.

Na utakutana na mtu wa methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, iwe amefuata dawa kliniki ya Malindi au karibu nanyi. Naye goti humuuma. Methadoni humzuilia arosto, yale mateso ya kukosa heroini, kwa siku nzima, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu huisha ndani ya saa sita hadi nane, kwa hiyo usimwambie "wewe tayari uko kwenye dawa kali". Mtibu kama mwingine, wasiliana na wanaompa methadoni kabla ya kugusa chochote, na ukumbuke kwamba methadoni na amitriptilini zote hurefusha kipindi cha QT katika umeme wa moyo. Huyo bila ECG haanzi.

Sasa namna ya kukaa darasani. Kikao kimoja kwa mwezi, dakika 45, mgonjwa mmoja wa kweli asiyetajwa jina, na waalike matabibu, wauguzi, mtu wa fiziotherapi na mfamasia. Mfamasia usimsahau, yeye ndiye ajuaye kama amitriptilini ya 10 itakuwepo wiki ijayo. Dakika 10 za mgonjwa, 15 za jambo moja la kujifunza, 10 za kufanyiana kwa mikono (pamba na kijiti, bila projekta), na 10 za kukubaliana nini kitaandikwa tofauti kuanzia kesho. Kikao kikiisha bila hilo la mwisho, kilikuwa chai na mahamri. Hospitali ikiwa imeidhinishwa na Baraza kutoa mafunzo, weka daftari la mahudhurio upate pointi zako humo humo. Ukipata nafasi ya kozi ya siku moja ya Essential Pain Management, iende. Ilianzishwa na Wayne Morriss na Roger Goucke, ikafanyika kwanza Papua New Guinea mwaka 2010, na imejengwa juu ya hatua tatu: tambua, pima, tibu. Ina pia sehemu ya kuwafunza wakufunzi, na hiyo ndiyo ya kuitamani, maana matabibu wa vituo vya mbali kama Faza na Kizingitini hawatapata daktari kila wiki.

Baada ya miezi mitatu rudia hesabu ya madaftari 20, maswali yaleyale manne. Ila usiiweke Ramadhani, kwani dozi zote hubadilika na hutajua kilichobadilisha ni nini. Mwezi huo amitriptilini haina shida, ihamishie baada ya futari. Gabapentini ya mara tatu ifanye futari, kabla ya kulala na daku. Jeli iendelee, haifunguzi. Ibuprofeni ya daku ikifuatwa na saa 13 bila maji ndiyo nisiyoipenda, hasa kwa mwenye presha. Kwa wiki hizo nne andika parasetamoli futari na daku, na kreatinini ipimwe kabla ya mwezi kuandama.